Maswali mnayoniuliza kila siku kuhusu ile picha ya Mary Swanzy na mambo ya mnada wa Dublin

Tangu niweke mtandaoni ile picha yangu nimeshika mchoro wa migomba wa mchoraji Mary Swanzy kama nimebeba mtoto mchanga, simu haijapoa. Kwa wasiojua, mi nafanya kazi ya kubeba, kutundika na kufunga picha kwenye nyumba moja ya mnada hapa Dublin, Ireland, jina naliacha manake mkataba unanibana. Sio mtaalamu wa sanaa wala sikusomea. Nimebeba nyingi tu, na ukibeba kitu kila siku unaanza kukijua tabia. Nimeyakusanya maswali yenu hapa nijibu mara moja basi.

Kwanza huyo Mary Swanzy ni nani?

Ni mwanamke wa Dublin, kazaliwa 1882, kafariki 1978, kwahiyo hesabu mwenyewe, kaishi miaka 96 na kapitia karibu kila fasheni ya uchoraji iliyopita Ulaya kwa karne nzima. Baba yake alikuwa daktari bingwa wa macho, Sir Henry Swanzy, na walikaa Merrion Square, mtaa wa wenye nazo. Alisoma uchoraji Dublin, alafu kuanzia 1905 akawa anaenda Paris, huko akaona kazi za Picasso nyumbani kwa Gertrude Stein, mwandishi Mmarekani aliyekusanya picha, kabla ulimwengu haujazizoea. Wazazi walipofariki wakamwachia hela ya kujitegemea, hakuhitaji kumpigia mtu magoti ili auze. Kwa maoni yangu hilo ndo limemfanya achore alivotaka, leo hivi kesho vile, bila kujali soko linasemaje.

Migomba? Mwanamke wa Ireland kaijulia wapi migomba?

Hili ndo swali namba moja, na wengi mlidhani ni Bukoba au Moshi. Hapana jamani. Mwaka 1923 alisafiri mpaka Hawaii ambako walikuwepo ndugu wa upande wa baba yake, alafu akaendelea hadi Samoa, kwenye bahari ya Pasifiki huko mbali kabisa, akakaa akichora miti, maua, vibanda na wanawake wa kule. Njiani kurudi akakaa kidogo Santa Barbara, California. Baadae, kuanzia kama 1926, akahamia Blackheath, London, na huko ndo makao yake mpaka mwisho, ukitoa ile miaka mitatu hivi ya Vita vya Pili vya Dunia aliyokimbilia Dublin.

Sasa nikwambie kitu kilichonigusa. Mi nimekulia Tukuyu, bibi yangu shamba lake lote ni migomba na chai. Ile picha nilipoitoa kwenye boksi niliiangalia jani moja tu, lile la pembeni, limepasuka vipande vipande na upepo kama linavopasuka kweli, ule mpasuko wa kufuata mistari ya jani mpaka kwenye uti wa katikati. Watu wengi wanaochora migomba kwa kusimuliwa wanachora jani zima limenyooka kama pasi imepita. Huyu mama alikaa chini akaiangalia. Na vivuli vyake sio vyeusi, ni zambarau na bluu, ukisogea karibu unaona brashi ilivopita haraka rangi ikiwa bado mbichi, kijani cha juu kimeburuta kidogo ya zambarau ya chini.

Picha ya rangi za mafuta ndo nini hasa, ni mafuta ya kula?

Karibu hivo. Unga wa rangi unachanganywa na mafuta ya kitani. Haikauki kama maji yanavokauka, yaani haivukizi, mafuta yanavuta hewa ya oksijeni yanakuwa magumu taratibu, juu inaweza kushika ndani ya siku chache lakini ndani kwa rangi nene ni miezi, hata miaka. Ndo maana mchoraji anaweza kurudi kesho akaendelea kusogeza rangi. Tingatinga ya Oysterbay ni kitu kingine kabisa, ile ilianza kwa rangi za enameli juu ya hadibodi, inakauka fasta na inang'aa kama baiskeli mpya.

Utajuaje ni ya kweli na sio feki?

Igeuze. Siku hizi hata dukani nikiona picha mkono unaenda wenyewe kugeuza. Mbele msanii ndo anaongea na anaweza kukuongopea, nyuma wameongea watu wengine wote waliowahi kuishika. Unaangalia turubai, limekuwa la kahawia kwa umri au jeupe kama shuka jipya? Unaangalia fremu ya ndani, ile mbao inayovuta turubai, kwenye kona kuna vikabari vidogo vya mbao vya kulikaza likilegea. Misumari ina kutu ya kweli au imepakwa chai? Alafu lebo. Kwa Swanzy, ukikuta lebo ya Dawson Gallery ya Dublin au ya Pyms Gallery ya London unapumua kidogo, manake hizo zilionyesha na kuuza kazi zake. Lebo peke yake haitoshi, karatasi inaweza kubanduliwa hapa ikabandikwa pale, lakini lebo na risiti ya zamani na namba iliyoandikwa kwa penseli vikikubaliana, hapo kuna stori.

Ile niliyobeba mimi ina nusu ya lebo tu, nusu nyingine imeliwa na wale wadudu wa karatasi, na juu ya mbao kuna namba mbili za penseli za mwandiko tofauti. Nilikaa dakika kumi nazo, bosi akaniuliza kama nimelala.

Kuna pia taa ya UV. Chumba kinazimwa, taa inawashwa, vanishi ya zamani inatoa mng'ao wa kijani kijani, na sehemu yoyote iliyopakwa rangi juu yake baadae inaonekana kama doa jeusi. Mara ya kwanza nilishtuka, picha ya bibi mmoja mrembo wa watu ikageuka ina viraka kama suruali ya shule.

Katalogi imeandika jina lake lakini kuna maneno mbele ya jina, yana maana?

Yana maana sana, na watu wengi wanapigwa hapo. Likiandikwa jina kamili peke yake, nyumba ya mnada inasema tunaamini ni kazi yake. Ikiandikwa "inahusishwa na", wanasema labda. Ikiandikwa "wa mduara wa", ni mtu wa zama zake aliyechora kama yeye. Ikiandikwa "kufuata" jina lake, hiyo ni nakala ya kazi yake. Na angalia tofauti ya "imesainiwa" na "ina saini", ya pili wanakwambia saini ipo lakini hatuapi aliyeiweka ni nani. Neno moja tu hilo na bei inakatika mara kumi.

Mbona hawasemi imechorwa mwaka gani, wanaandika "takriban"?

Kwa sababu Swanzy alikuwa hana tabia ya kuweka tarehe. Alafu alikuwa anabadilisha staili, kuna za kubisti, yaani vitu vimekatwakatwa kuwa maumbo ya vipande vipande, kuna za maua na vijiji, kuna za baadae zenye watu kama wa ndotoni wana sura za huzuni na kejeli, kwahiyo huwezi kusema hii staili ni ya mwaka fulani ukafunga. Za Samoa ndo rahisi kidogo maana safari yenyewe inajulikana, 1923 na 1924. Lakini hata hapo mtu anaweza kurudi nyumbani akachora kwa kumbukumbu. Mimi "takriban" huwa naiheshimu, naogopa zaidi yule anayetaja mwaka kwa uhakika bila kuonyesha kautoa wapi.

Kwanini kila tangazo linasisitiza ni mwanamke? Si picha ni picha?

Nami niliuliza hivo hivo mwanzoni. Kwanza historia: ile akademia kuu ya Dublin, Royal Hibernian Academy, ilianzishwa 1823 lakini shule zake zilianza kupokea wanafunzi wanawake 1893. Miaka sabini! Na kuwa mwanachama kamili ikabidi kusubiri mpaka miaka ya 1920 alipoingia Sarah Purser, mama ambaye kabla ya hapo alishakuwa tajiri kwa kuchora sura za wakubwa na kununua hisa za Guinness, alishaanzisha na karakana ya vioo vya rangi mwaka 1903, yaani alikuwa na kila kitu isipokuwa kiti.

Pili ni soko. Picha ya William Orpen, mchoraji mwanaume wa Ireland, iliuzwa kwenye mnada wa Sotheby's mwaka 2001 karibu pauni milioni mbili. Wanawake waliosoma darasa moja na Orpen, au waliofundishwa naye, bei zao haziko mtaa huo hata kidogo. Siku hizi wanapanda, makumbusho zinawatafuta, Irish Museum of Modern Art ilimfanyia Swanzy maonyesho makubwa kuanzia 2018, na muuzaji akiandika "mwanamke" kwenye tangazo anajua anachofanya. Mi naona ni haki iliyochelewa na biashara ya haraka vimepanda gari moja.

Ila nisiwadanganye, wengi wa wanawake hawa walikuwa watoto wa matajiri. Binti wa mkulima wa Mayo, magharibi mwa Ireland, mwenye kipaji hicho hicho hakupata nauli ya Paris, na picha zake hazipo mnadani kwa sababu hazikuchorwa.

Makadirio ya bei yanatoka wapi?

Wanaangalia zilizouzwa nyuma za mtu huyo huyo, ukubwa, mada, hali, na nani kaileta. Wanaandika bei mbili, ya chini na ya juu. Kuna na bei ya tatu ambayo huioni, ile muuzaji kasema chini ya hapa sitoi. Kwa kawaida hiyo haizidi ile ya chini ya kwenye katalogi. Isipofikiwa picha inarudi stoo na mimi ndo nairudisha. Makadirio ya chini sana kuliko ulivotegemea wakati mwingine ni chambo, wanataka watu wengi waingie wapashane moto. Wakati mwingine kuna tatizo, omba ripoti ya hali ya picha, ni bure.

Mnada wenyewe unaendaje, ni kelele kama Feri?

Hapana, ndo kilichonishangaza. Nilivokuwa Dar nilizoea mnada wa samaki wa Feri, dalali anapiga kelele, maji yanaruka, mtu kakanyaga pweza, na bado bei imefika. Huku ni kimya kama msibani. Dalali kavaa suti, kasimama juu kidogo, watu wana vibao vya namba, mtu ananyanyua kidole au nyusi, nusu ya wanunuzi wako kwenye simu na intaneti, na loti moja, yaani kitu kimoja kinachouzwa, inakwisha kwa dakika moja au mbili. Bei inapanda kama kwa asilimia kumi kumi. Ila macho ni yale yale. Yule anayejifanya haitaki picha, anayesoma gazeti, ndo ataichukua.

Nyundo ikigonga euro 4,000 nalipa 4,000?

Haaa! Hapa naomba kila mtu asome mara mbili. Hapana. Kuna komisheni ya mnunuzi, nyumba nyingi ni kati ya asilimia 20 na 25, na juu ya komisheni kuna VAT, ambayo Ireland ni asilimia 23. Chukua mfano wa asilimia 20: nyundo 4,000, komisheni 800, VAT ya hiyo 800 ni 184, jumla 4,984. Ukiwa umepitia mtandao wa kampuni nyingine ya kubidia wanaweza kuongeza asilimia kadhaa zao. Bado usafiri na bima.

Yalinikuta mimi mwenyewe, tena mfanyakazi. Niliweka dau kwenye kapicha kadogo ka bahari, mafuta juu ya ubao, ka mama mmoja ambaye hata kwenye vitabu hayumo, nikashinda kwa 220. Nikaona nimeula. Kwenye akaunti nina 230. Naenda kaunta naambiwa 274 na senti 12. Dada wa kaunta ananijua, mi namjua, wote tunaangalia chini. Ikabidi nimpigie binamu yangu yuko Cork anirushie hela, na mpaka leo akija kwangu anakaangalia kale kapicha anasema "changu ni kile kipande cha wingu".

Familia ya msanii inapata chochote?

Ndio, na wengi hawajui. Nchi za Ulaya zina sheria kwamba picha ikiuzwa tena kwa kupitia mnada au duka, msanii au warithi wake wanapata kidogo, mpaka miaka 70 baada ya kufa. Ni asilimia 4 mpaka kufikia euro 50,000, alafu inashuka kwa hatua, na kwa ujumla haizidi euro 12,500. Ireland inaanzia kwa picha ya euro 3,000 na anayelipa ni muuzaji. Warithi wa Swanzy wamo mpaka mwisho wa 2048. Mainie Jellett, mchoraji mwingine wa Dublin, alifariki 1944, muda wake uliisha na mwaka 2014.

Niko Dar au Muscat, naweza kushiriki?

Unaweza. Unajisajili mtandaoni, unatuma kitambulisho na uthibitisho wa unapokaa, na kama biashara inafika euro 10,000 au zaidi sheria ya kuzuia utakatishaji wa fedha inawataka wakuchunguze vizuri, usikasirike. Unaweza pia kuacha dau lako kwa maandishi au kuomba wakupigie simu loti yako ikifika. Jisajili siku kadhaa kabla, sio dakika tano kabla afu unanitumia meseji "kaka niingizie namba". Siwezi.

Kuitoa Ulaya, mchoro wa zaidi ya miaka 50 na thamani ya zaidi ya euro 150,000 unahitaji leseni ya kuusafirisha nje ya Umoja wa Ulaya, na Ireland ina sheria zake juu ya hapo, kwahiyo uliza ofisini kabla hujabid. Na ushuru wa huku nyumbani ongea na wakala wa forodha mapema, mwambie ni mchoro wa mkono halisi na sio bango.

Nikiinunua naweza kuichapa kwenye tisheti au kanga?

Hapana. Umenunua kitu, hujanunua haki ya kukinakili. Kwa Swanzy subiri 2049.

Ikishafika nyumbani niitunzeje?

Usiisafishe. Najua kuna shangazi atakwambia chukua mkate, au kiazi, au kitambaa chenye maji kidogo. Shangazi aheshimiwe lakini asisogee. Maji yakiingia kwenye nyufa za rangi yanalivimbisha turubai na rangi inabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua. Pitisha brashi laini kabisa na kavu tu, tena kama rangi haijainuka. Zaidi ya hapo ni kazi ya fundi wa kukarabati picha.

Usiitundike kwenye ukuta unaopigwa na jua, wala karibu na jiko. Kama uko pwani, Tanga, Mombasa, Zanzibar, adui yako ni unyevu, weka vipande vya kizibo nyuma ya fremu kwenye kona za chini ili hewa ipite kati yake na ukuta, la sivyo kuvu inaanzia nyuma na utaijua ikishatokea mbele.

Hiyo ni ghali kwangu, kuna wengine?

Wapo wengi. Letitia Hamilton, huyu nampenda, alishinda medali ya shaba ya Olimpiki ya London 1948 kwa uchoraji! Ndio, zamani Olimpiki ilikuwa na mashindano ya sanaa, na hiyo ndo medali pekee Ireland iliyopata mwaka ule. Rangi zake nene kama siagi, zingine kazipaka kwa kisu. Norah McGuinness, Grace Henry (huyu kazaliwa Scotland lakini Ireland inamdai), Nano Reid. Mainie Jellett ni bei nyingine siku hizi, ingawa mwaka 1923 alipoonyesha Dublin michoro yake ya kiabstrakti, ile ya maumbo na rangi tu bila mtu wala kitu unachokitambua, mwandishi George Russell aliandika gazetini kwamba dada huyo kaugua malaria ya kisanaa. Mtu wa Dublin, anajua nini kuhusu malaria! Mchoro mmoja kati ya ile, "Decoration", leo uko National Gallery ya Ireland.

Na usidharau wasio na majina. Siku za kuangalia kabla ya mnada pita zile zilizowekwa chini, zimeegemea ukuta, hazijatundikwa. Kale ka bahari kangu kalikuwa huko.

Sina hela kabisa, nataka kuona tu. Inaruhusiwa?

Inaruhusiwa na ni bure. Siku mbili tatu kabla ya kila mnada milango iko wazi, hakuna tiketi, hakuna anayekuuliza unanunua nini, na tofauti na makumbusho ukiomba kuona nyuma ya picha watakugeuzia. Usiguse mwenyewe, muite mfanyakazi. Ukiona jamaa mmoja mweusi mrefu kavaa aproni na glavu za bluu ana penseli sikioni, ni mimi, nisalimie kwa Kiswahili nitakugeuzia yoyote unayotaka, isipokuwa zile kubwa za mita mbili, hizo mpaka mwenzangu arudi lanchi.